Muhogo Haujui Vita: Mhadhara juu ya Kasi ya Mimenyuko ya Kikemia katika Masisi na Walikale



Nimeombwa nizungumze juu ya mimenyuko ya kikemia na mambo yanayoifanya iende mbio au ijikokote. Vitabu vya shule hulifungua somo hili kwa vifaa vya maabara: utepe wa magnesiamu ndani ya asidi, vipande vya marumaru, saa ya kuhesabu sekunde. Shule nyingi za Masisi na Walikale, hapa kwetu Kivu Kaskazini nchini Kongo, hazina vifaa hivyo, na nyingine, kwa miaka hii ya vita, zimegeuka malazi ya waliokimbia makwao. Hata hivyo somo lenyewe halijatoweka. Limo katika maji ya kuloweka muhogo, katika sufuria ya maziwa, katika chungu cha maharagi na katika bidoni ya maji yaliyotiwa klorini. Kila siku wakulima, wafugaji na mama zetu wanaongoza mimenyuko ya kikemia, na wengi wanaiongoza vizuri kuliko mwanafunzi aliyekariri kanuni.

Hoja yangu ni moja. Kila mmenyuko una muda wake, na muda huo haupungui kwa sababu sisi tuna haraka. Tunaweza kuufupisha, ila kwa kubadilisha kitu: joto, ukolezi, ukubwa wa vipande, au kichocheo. Anayekata muda bila kubadilisha chochote hubaki na mmenyuko ulioishia njiani, na mmenyuko ulioishia njiani unaweza kumlemaza mtoto maisha yake yote. Katika nchi ambayo watu hukimbia na mizigo kichwani, elimu hii ni ya afya ya umma kabla ya kuwa ya mtihani wa taifa.

Kukutana, kugongana, kuvuka mlima

Mmenyuko hutokea pale molekuli zinapovunja vifungo vyake vya zamani na kufunga vipya, hata kikapatikana kitu ambacho hakikuwapo. Kuni hugeuka majivu, moshi na mvuke. Maziwa huganda. Jembe hushika kutu. Kuni humalizika kwa saa moja, kutu huchukua miezi. Tofauti hiyo ndiyo tunayoiita kasi.

Ili mmenyuko utokee, molekuli sharti zikutane. Zikiwa nyingi mahali pamoja hukutana mara kwa mara, na ndiyo maana ukolezi ni jambo la kwanza la kuangalia. Mwaka 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy alipima jinsi sukari ya miwa inavyovunjika ndani ya maji yenye asidi, akaona kwamba kasi hushuka sambamba na sukari inayobaki. Jambo la pili ni eneo la uso. Kitu kigumu hukutana na wenzake kwa nje tu. Gogo zima hufuka polepole, ila ukilipasua vijiti, kuni zilezile huwaka mara moja.

Lakini kukutana peke yake hakutoshi. Molekuli zinazogongana kwa unyonge huachana kama zilivyokuwa. Msafiri atokaye Sake, karibu na Ziwa Kivu, kwenda Masisi hana budi kupanda milima kabla ya kuteremka upande wa pili; asiye na nguvu ya kupanda hafiki, hata kama huko aendako ni bondeni. Kila mmenyuko nao una mlima wake, ambao wataalamu huuita nishati ya uamilishi. Joto huzipa molekuli nyingi zaidi nguvu ya kuuvuka. Mwaka 1889 Svante Arrhenius wa Sweden aliuonyesha uhusiano huo kwa hesabu, na kwa mimenyuko mingi tunayoishi nayo, kuongeza nyuzi 10 za Selsiasi huifanya kasi kuwa mara mbili hadi tatu. Kichocheo kina kazi tofauti: hakimwongezei msafiri nguvu, humwonyesha pito lililo chini zaidi, na baada ya kumvusha chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, tayari kumvusha mwingine. Ndani ya viumbe hai vichocheo hivyo ni protini ziitwazo vimeng'enya.

Sasa angalieni ardhi yetu. Malisho ya Masisi yamepanda hadi mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ukipita Nyabiondo ukateremka kuelekea Walikale, unaingia msitu mkubwa ulio chini ya mita 1,000. Hewa hupoteza kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya kilima cha juu na bonde la Lowa kuna tofauti ya nyuzi 8 au 9 kwa saa ileile ya siku. Kwa kanuni ya Arrhenius, mmenyuko uleule huko chini unakwenda karibu mara mbili ya kasi yake huko juu. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka kilimani kwenda msituni, au kutoka msituni kwenda kilimani, anahamia pia kwenye saa nyingine ya kikemia, na mazoea aliyoyachukua nyumbani yanaweza kumdanganya.

Maziwa ya vilima vya Masisi

Fromaji ya Masisi inajulikana Goma, Bukavu hadi Kinshasa. Ufundi wake uliletwa na mapadri wa Kibelgiji katika karne iliyopita, na wafugaji wa vilima hivi wakaufanya kuwa wao. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza makundi mengi ya ng'ombe, na tangu hapo kazi hii imejengwa upya na kuvurugwa zaidi ya mara moja. Bado inaendelea, na ni mojawapo ya masomo bora ya kemia katika jimbo hili.

Fundi huanza na maziwa ya asubuhi, huyapasha moto hadi kati ya nyuzi 32 na 35, kisha hutia reneti, ambayo asili yake ni tumbo la nne la ndama anayenyonya. Ndani ya maziwa kuna protini iitwayo kaseini, inayoelea katika vifungu vidogo mno. Kila kifungu kimezungukwa na ncha za protini zinazozuia vifungu visishikane, na ndiyo maana maziwa ni kimiminika. Kimeng'enya cha reneti, kimosini, hukata ncha hizo. Zikishakatwa vifungu hushikana, na kwa muda wa nusu saa hivi hadi dakika 45 sufuria nzima imeganda. Matone machache hugandisha lita nyingi, kwa sababu kichocheo hakiishi kazini. Molekuli moja ikimaliza ncha moja huhamia nyingine.

Fundi anayejua kazi hufuatilia joto kwa makini. Maziwa yakiwa ya baridi sana, kama nyuzi 15, kimosini itaendelea kukata lakini vifungu havitashikana, na mtu atadhani reneti ni mbovu. Yakizidi nyuzi 60, kimosini yenyewe huharibika na hakuna kitakachotokea tena. Hapa kanuni ya nyuzi 10 inafika mpaka wake. Kwa mimenyuko ya vimeng'enya, joto husaidia hadi kiwango fulani, kisha huua kilekile kilichokuwa kikikusaidia. Naomba mlishike jambo hili, maana tutalihitaji tukifika kwenye muhogo.

Maziwa yakiganda, fundi huyakata vipande vidogo ili maji yatoke upesi kupitia nyuso nyingi, huyakandamiza, huyatia chumvi, na huyaweka kwenye chumba chenye ubaridi wa kilima. Chumvi, ukavu na ubaridi vyote vinavuta breki ya bakteria. Barabara ya Sake ikifungwa kwa mapigano, maziwa ya jana yameharibika, lakini fromaji inangoja kwa wiki kadhaa. Mfugaji amejipatia muda kwa kupunguza kasi, na muda huo ni ada ya shule ya watoto wake.

Chungu cha maharagi

Mgeni kutoka pwani hushangaa kuona maharagi ya mlimani yanakaa motoni saa baada ya saa. Kuni ni nzuri na maharagi ni mapya, sababu iko hewani. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Penye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuongezi joto la chungu. Huongeza mvuke tu. Kulainika kwa haragi ni mmenyuko: pektini inayozishikiza chembe za mbegu huvunjika na kuyeyuka, na kwa nyuzi 93 kazi hiyo huenda polepole kuliko kwa 100.

Mapishi yetu yana majibu matatu, na kila moja linagusa jambo tofauti. Kuloweka usiku kucha huingiza maji ndani ya mbegu kabla ya moto kuwashwa. Maji ya majivu au magadi huongeza alikali, na pektini huvunjika upesi zaidi penye alikali; ila kiasi kiwe kidogo, kwa sababu alikali ikizidi huharibu vitamini B1. Sufuria ya kufunga kwa skrubu huzuia mvuke, kanieneo hupanda, na maji hufika karibu nyuzi 120, joto ambalo hata Mombasa huwezi kulipata kwenye chungu cha wazi. Mama anayeloweka maharagi jioni anaokoa kuni, na makaa mengi yanayouzwa Goma hutoka katika miti ya Virunga. Kasi ya mmenyuko mmoja jikoni inagusa msitu mzima.

Muhogo wa Walikale

Nafika kwenye kiini cha mhadhara wangu.

Msituni muhogo ndio uhai. Muhogo mchungu hupendwa kwa sababu wanyama na wadudu huuogopa, na kwa sababu unaweza kukaa ardhini muda mrefu. Ghala linachomwa na kuporwa, lakini muhogo ulioko shambani hungoja mwenyewe arudi. Ni zao la watu walioonja vita. Uchungu wake, hata hivyo, ni ishara ya sumu, na sumu hiyo huondolewa kwa mmenyuko unaohitaji muda.

Ndani ya kila chembe ya muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, chenye sianidi iliyofungwa. Kwenye ukuta wa chembe hiyohiyo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Viwili hivyo havikutani muhogo ukiwa mzima. Chembe ikivunjwa hukutana, linamarasi huivunja linamarini, kisha kile kilichozaliwa huvunjika tena na kuachia asetoni na sianidi ya hidrojeni. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26, joto la kawaida la mchana wa Walikale, kwa hiyo ikishaachiliwa hupaa hewani au husombwa na maji. Sumu inayotutisha ndiyo tunayotaka itoke, itoke yote, na itoke kabla ya bugali kufika mezani.

Kuloweka ndiyo njia kuu ya kuvunja chembe. Muhogo uliomenywa hutiwa kwenye maji, bakteria hulainisha kuta za chembe, na kwa siku tatu hivi katika maji ya vuguvugu mzizi huwa laini hadi kuvunjika mkononi. Mama hahesabu molekuli. Huubonyeza muhogo, na ulaini huo ni kipimo cha kweli. Katika maji baridi ya mlimani siku tatu zinaweza zisitoshe, na familia iliyohama kutoka msituni inapaswa kuutazama mzizi badala ya kuhesabu siku za zamani.

Sasa fikirini nini hutokea mtu anapokuwa na haraka. Analoweka usiku mmoja, anakatakata, anaanika juani, anasaga. Unga ni mweupe, unapendeza macho. Lakini chembe nyingi hazikuvunjika, na jua limeondoa maji ambayo mmenyuko uliyahitaji ili uendelee. Sumu imefungiwa ndani ya unga mkavu. Mwingine anafikiri moto utamaliza kila kitu, anachemsha mzizi mchungu mzima mzima. Moto unaiua linamarasi kama unavyoiua kimosini ya reneti, na linamarini inabaki bila wa kuivunja. Moto mkali umeufunga mlango uliopaswa kufunguliwa.

Matokeo yake yana jina katika vitabu vya tiba: konzo. Mtu huamka asubuhi miguu imekakamaa, na haitarudi ilivyokuwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Mwaka 1981, wakati wa ukame kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, Tanzania. Mwaka 2011 madaktari walichapisha taarifa ya kutokea kwake Kivu Kusini, katika eneo lililopitiwa na vita, jirani kabisa na sisi. Na huko Bandundu, Banea Mayambu, Thorkild Tylleskär na wenzao walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 jinsi soko la muhogo lilivyowafanya watu wapunguze kuloweka kutoka siku tatu hadi moja. Ukame, vita na biashara ni mambo yasiyofanana, ila yote matatu humnyang'anya mama kitu kimoja, nacho ni muda.

Je, asiye na siku tatu afanye nini? Afupishe muda kwa kubadilisha jambo lingine. Muhogo ukikunwa badala ya kukatwa, maelfu kwa maelfu ya chembe hupasuka papo hapo, linamarini na linamarasi hukutana, na kazi ya siku hufanyika kwa saa, mradi kilichokunwa kiachwe na unyevu wake kabla ya kukamuliwa na kukaushwa. Majani ya muhogo, yaani sombe, yana vimeng'enya vingi, na mama zetu huyatwanga kwanza, kisha huyachemsha. Utaratibu huo ni sahihi kikemia, na anayechemsha majani mazima kabla ya kutwanga amegeuza mambo.

Na kama unga umeshasagwa, ipo njia ya kuulowanisha, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Tia unga kwenye ndoo, weka alama pale ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda, na ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu upike bugali siku hiyohiyo. Maji yanaamsha linamarasi iliyobaki, wembamba wa tabaka unaipa sianidi mlango wa kutokea, na joto la jua linafupisha saa 5 kuwa 2. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kwango, njia hii ilifundishwa kwa akina mama tangu mwaka 2010, na katika kipindi chote cha ufuatiliaji hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo. Kipimo kilichowekwa kimataifa ni sianidi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo ya unga, na ndoo, mkeka na jua vinaweza kutupeleka karibu nacho.

Mwili nao una kasi yake

Sianidi kidogo ikiingia mwilini, mwili huigeuza wenyewe. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi huiunganisha na salfa na kuifanya thiosianati, ambayo hutoka na mkojo. Kasi ya kazi hiyo hutegemea salfa iliyopo, na salfa hutoka katika protini: nyama, samaki, mayai, maziwa, na kwa kiasi maharagi. Anayekula muhogo peke yake kwa wiki kadhaa anaongeza sumu huku akipunguza kile ambacho mwili ungekitumia kujikinga.

Thiosianati nayo huzuia tezi ya shingo kupokea iodini. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti François Delange na André-Marie Ermans walifanya kazi Idjwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu. Iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini tezi zilizovimba zilikuwa nyingi zaidi upande wa kaskazini, na maelezo waliyoyapata yalikuwa muhogo uliotawala chakula cha huko. Kwa hiyo barabara kati ya Masisi na Walikale ikiwa salama, fromaji na maharagi yakashuka, muhogo na mawese yakapanda, inayopona ni miili ya watu. Barabara ikikatwa, kila upande unabaki na nusu ya mmenyuko.

Klorini ndani ya bidoni

Watu wa Masisi waliokimbilia kambi za Bulengo na Lushagala, pembezoni mwa Goma, kabla kambi hizo hazijavunjwa mapema mwaka 2025, walikutana na kipindupindu na klorini kwa pamoja. Mwanamke alichota maji, mhudumu alitia dozi ya klorini ndani ya bidoni, naye mwanamke aliambiwa asubiri nusu saa. Kwa nini nusu saa? Klorini ikiingia majini hutengeneza asidi ya haipoklorasi, inayoshambulia kuta za vijidudu. Ufanisi wake hutegemea ukolezi na muda kwa pamoja: ukipunguza kimoja huna budi kuongeza kingine. Baada ya nusu saa inatakiwa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, dalili kwamba klorini imekamilisha kazi na bado ipo ya akiba. Maji yenye tope huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo yachujwe au yaachwe yatulie kwanza. Na maji ya kijito cha mlimani yana baridi, mmenyuko ni wa polepole, kwa hiyo huko subira iwe ndefu zaidi. Mtoto anayekunywa njiani anakunywa maji ambayo hayajawa tayari, hata kama yananukia klorini.

Ebola ilitufundisha hesabu hiyohiyo. Ugonjwa ulitangazwa kuzuka Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Mwezi Agosti 2019 ulifika Pinga, Walikale. Kwa mikono ilitumika klorini ya asilimia 0.05, kwa sakafu na vifaa asilimia 0.5, mara kumi zaidi, kwa sababu ngozi haivumilii kile ambacho saruji inavumilia. Mchanganyiko ulitengenezwa upya kila siku, maana jua na joto huivunja klorini yenyewe. Wakati huohuo chanjo ya Ebola ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, ili mimenyuko inayoiharibu isimame karibu kabisa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Muuguzi mmoja, kwa mkono mmoja aliongeza kasi ya kifo cha virusi sakafuni, kwa mkono mwingine alizuia kasi ya kuharibika kwa dawa. Kazi yote ile ilikuwa kemia ya kasi.

Jiwe la Bisie

Kuna mimenyuko ambayo haitokei hapa kabisa. Kasiteriti ya Bisie, Walikale, ni oksidi ya bati. Imekaa ardhini miaka mingi isiyohesabika bila kubadilika, kwa kuwa bati na oksijeni zimeshikana imara. Ikisagwa, ikachanganywa na kaboni na kupashwa moto zaidi ya nyuzi 1,200, kaboni huichukua oksijeni na bati hutiririka baada ya saa chache. Uchimbaji wa kiwanda ulianza kuzalisha kibiashara mwaka 2019, na mwaka 2024 mgodi huo mmoja ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati ghafi. Madini hayo hutoka kwa malori na kuyeyushwa nje ya nchi. Vivyo hivyo koltani ya Rubaya, Masisi. Vijana wanaovunja mawe kwa nyundo wanafanya hatua ya kwanza ya mmenyuko, ile ya kuongeza eneo la uso, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa mgongo wa binadamu, na hatua zenye thamani kubwa hufanyika mbali nao. Nchi inayotaka kuyeyusha madini yake inahitaji umeme na mitaji, na inahitaji pia vijana wanaoelewa kwa nini tanuru linapulizwa hewa na kwa nini mawe husagwa kabla ya kutiwa motoni.

La kufanya

Ndugu zangu, wahenga walituachia kwamba haraka haraka haina baraka. Kemia inakubali, kisha inatuonyesha mahali ambapo haraka inaweza kupata baraka: pale anayeharakisha anapojua ni jambo gani analibadilisha.

Kwa walimu: msingoje maabara. Nunueni kichupa kimoja cha peroksidi ya hidrojeni, ile dawa ya kusafisha vidonda inayouzwa famasi. Tieni kipande cha kiazi kibichi cha Masisi, na povu litafoka kwa kasi, kwa sababu kiazi kina kimeng'enya kinachovunja peroksidi na kuachia oksijeni. Tieni kiazi kilichokunwa, na povu litaongezeka. Tieni kiazi kilichochemshwa, na kitatulia kimya. Kwa vipande vitatu vya kiazi mwanafunzi ameona kichocheo, eneo la uso na kifo cha kimeng'enya kwa moto, na siku hiyohiyo ataelewa kwa nini muhogo mchungu hauchemshwi mzima.

Kwa wauguzi: mkimwona mtoto ameanza kutembea kwa shida, ulizeni muhogo wa nyumbani ulilowekwa siku ngapi, na ulikuwa laini kiasi gani.

Kwa mashirika yanayogawa chakula na vifaa: kifaa cha kukunia muhogo kiwekwe pamoja na sufuria na blanketi. Bei yake ni ndogo, na familia iliyo safarini inapewa siku mbili ambazo vita vimeinyang'anya.

Amani tunaidai na tutaendelea kuidai. Lakini muhogo hautangoja mkataba utiwe saini, nao hautapunguza sumu yake kwa kuwahurumia wanaokimbia. Muda wake unajulikana, unapimika, na unaweza kufupishwa na mwenye maarifa. Kazi yetu sisi tuliosoma ni kuhakikisha maarifa hayo yanamfikia kila mtu anayeshika sufuria, tangu vilima vya Masisi hadi msitu wa Walikale. Tuanze wiki hii, kila mmoja katika darasa lake, zahanati yake na jiko lake.